Namba 5 wa Detroit, beki aliyemzima Lindros bila kumbamiza

Kila mjadala wa beki bora wa muda wote ukianza hapa Dar majina ni yaleyale, Maldini, Baresi, Cannavaro, na ukikaa na mtu wa Jangwani atakutajia Cannavaro wetu, Nadir Haroub, na mimi sina ugomvi na hata mmoja kati yao. Ila mimi ninayemtaja ni Nicklas Lidström, na hapo kijiwe kizima kinanitazama maana wengi hawajawahi kumsikia. Hakucheza soka. Alicheza mpira wa magongo wa kwenye barafu, Detroit huko Marekani, jezi nyekundu namba 5, misimu 20. Leo nataka nimuelezee vizuri, taratibu, kwasababu nimemfuatilia miaka mingi na naamini kabisa huyu jamaa ana kitu cha kumuonyesha yeyote anayependa ukabaji, hata kama barafu pekee unayoijua wewe ni ile ya Feri ya kuwekea samaki.

Kwanza mchezo wenyewe. Kila timu inaingiza watu sita, kipa, mabeki wawili na mafowadi watatu, wanacheza vipindi vitatu vya dakika 20. Hakuna mpira, kuna kisahani cheusi cha raba ngumu, kina uzito wa gramu 170 hivi, na kikipigwa na mtu mwenye nguvu zake kinapita kilomita 150 kwa saa. Uwanja una urefu wa mita 61 tu na umezungushiwa ukuta, kwaiyo hakuna cha mpira kutoka nje ukapumua, kisahani kinagonga ukuta kinarudi na mchezo unaendelea. Mtu anacheza kama sekunde 45 hivi kwa nguvu zote alafu anaruka ukuta anakaa benchi, mwingine anaingia, na hayo mabadiliko yanafanyika mchezo ukiwa unaendelea, hakuna refa wa kuinua kibao. Kawaida timu inabeba mabeki sita, jozi tatu, ukigawanya sawasawa kila mmoja anapata dakika 20 kati ya 60. Lidström alikuwa anacheza zaidi ya 25, kuna misimu alivuka 28. Yaani karibu nusu ya mechi, usiku baada ya usiku, na NHL, ile ligi kuu ya huko Marekani na Kanada, misimu yake mingi ilikuwa na mechi 82 kabla hata ya mtoano.

Sasa sikiliza ugumu wa kazi ya beki. Fowadi anakuja amekutazama usoni, mwendo wa kilomita zaidi ya 30 kwa saa, na wewe unarudi kinyumenyume kwa mwendo uleule. Kinyumenyume, kwenye barafu, juu ya vyuma viwili vyembamba. Ukimuacha mbali anapata nafasi ya kupiga, ukimkaribia sana anakupita na ukishapitwa ndo basi, huna muda wa kugeuka ukamfukuza. Kuna umbali fulani kati yenu ambao ni wako, kama urefu wa mkono pamoja na gongo, na kazi yako ni kuulinda huo umbali huku unamsogeza kidogokidogo kuelekea ukutani, maana ukuta ni beki wa tatu, akifika pale hana pa kwenda. Niliwahi kupita Nairobi kikazi nikaenda pale hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, wana kiuwanja cha barafu na ndiko Kenya Ice Lions wanakofanyia mazoezi (Kenya ilipokelewa uanachama kwenye shirikisho la dunia la mchezo huu mwaka 2024, majirani zetu hawa wanastahili pongezi kubwa sana), nikasimama pembeni nikamwangalia kijana mmoja beki anavyorudi nyuma huku kichwa kimetulia macho hayatoki kwenye kifua cha mshambuliaji, na siku ile nikaelewa vitu ambavyo video zote nilizowahi kuangalia hazikunionyesha.

Lidström alizaliwa Krylbo, Sweden, mwaka 1970. Timu iliyomkuza inaitwa Västerås. Mwaka 1989 Detroit Red Wings wakamchagua kwenye drafti, ule utaratibu wa klabu za Marekani na Kanada kuchukua vijana kwa zamu, akawa mtu wa 53. Watu 52 walitangulia! Mwaka huohuo Detroit hiyohiyo wakamchukua Sergei Fedorov akiwa wa 74 na Vladimir Konstantinov, beki mwingine kutoka Umoja wa Kisovieti, wa 221. Ukimuuliza mtu yeyote anayefuatilia historia ya hii ligi atakwambia ni nadra sana klabu kuvuna hivyo kwa mwaka mmoja.

Alipofika Detroit 1991 akapangwa na mzee mmoja anaitwa Brad McCrimmon. Huyu McCrimmon mashabiki wengi wa saivi hawamjui na mimi inaniuma kidogo, kwasababu ukifuatilia maisha yake ya uwanjani utakuta amesimama pembeni ya karibu kila beki mkubwa wa zama zake, Ray Bourque, Mark Howe, baadaye Chris Pronger akiwa bado kijana kabisa. Kazi yake ilikuwa moja, abaki nyuma ili mwenzake apande. Lidström msimu wake wa kwanza akatoka na pointi 60, bao na asisti zikijumlishwa, akiwa beki, kijana wa miaka 21, ligi mpya nchi mpya, na kwenye tuzo ya mchezaji mpya bora akawa wa pili nyuma ya Pavel Bure. Nusu ya sifa hizo nampa McCrimmon. Mtu anayebaki nyuma hatajwi kwenye matangazo lakini bila yeye huyo anayepanda anapanda wapi?

Nifike kwenye kile kilichonifanya niandike hii makala.

Huku kwetu beki anafundishwa toka mdogo kwamba mpira upite mtu asipite. Mimi mwenyewe nimecheza namba nne kwenye ndondo za Temeke miaka ile, na kocha akiwa pembeni alichokuwa anapigia kelele ni mtu, mtu, piga mtu, na mashabiki wanashangilia zaidi ukimlaza winga wa watu kuliko ukinyang'anya mpira ukatoa pasi. Beki kisiki ndo huyo. Na kwenye barafu ni hivyohivyo, tena huko imehalalishwa, sheria inaruhusu kumbamiza mtu mwenye kisahani kwa bega na mwili wako wote. Kuna mabeki wamejenga jina zima kwa hilo. Mkubwa wao ni Scott Stevens wa New Jersey Devils.

Fainali ya 1997. Detroit hawajachukua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa hii ligi, toka 1955, miaka 42, mji mzima umechoka kusubiri. Wapinzani ni Philadelphia Flyers na Flyers wana mtu anaitwa Eric Lindros, sentimita 193, kilo zaidi ya 100, kijana, ana kasi, ana mikono laini na bado anakubamiza kama beki. Pembeni yake John LeClair, pande la mtu mwingine, mabao 50 msimu ule. Kila mtu akajua kocha wa Detroit Scotty Bowman atamkabidhi Lindros kwa Konstantinov, maana Konstantinov ndo alikuwa mbabe wa ile timu, anabamiza mpaka watu wanamchukia. Mechi ya kwanza Mei 31, Lindros anaingia, na wanaoingia kumkaba ni Lidström na Larry Murphy.

Murphy jamani. Miaka 36, miguu mizito, na miezi michache nyuma alikuwa Toronto anazomewa na mashabiki wa timu yake mwenyewe kila akigusa kisahani, mpaka wakamwachia Detroit mwezi Machi. Na Lidström mwenyewe kilo hazifiki 90 na hana historia ya kumlaza mtu. Watu wakashangaa. Ila Bowman alikuwa ameona kitu, na ukikaa ukairudia video utakiona. Ukitaka kupigana na Lindros kwa mwili unacheza mchezo wake, ndicho anachotaka, atakubeba. Lakini jitu kubwa vile likikukosa linachelewa kugeuka. Kwaiyo Lidström hakumpa mwili wa kugongana nao. Alikuwa anafika pale kisahani kinapokwenda kabla Lindros hajafika, anaweka gongo lake kwenye njia ya pasi, anakidokoa, anakitoa kwa Murphy, Murphy anapiga pasi moja safi mbele na tayari Detroit wanashambulia na akina Lindros wanabaki wanageuka. Tena na tena na tena. Ukabaji wao haukuishia kwenye kunyang'anya, uliishia kwenye pasi ya kwanza, na hapo ndo penyewe, kwasababu jitu ukilibamiza linainuka linakuja tena ila ukilinyima kisahani dakika nzima linachoka na nguvu zake zote.

4-2, 4-2, 6-1, 2-1. Mechi nne kwisha, maana anayewahi kushinda nne ndo anachukua. Ile ya nne bao la kwanza kafunga Lidström mwenyewe, na Lindros alipata bao lake moja la fainali nzima zikiwa zimebaki sekunde 15 filimbi ya mwisho ipulizwe.

Miaka mitatu baadaye Lindros akakutana na Stevens. Mei 26, 2000, mechi ya saba ya nusu fainali, Lindros anakata katikati kichwa kimeinama anaangalia kisahani, Stevens anamsubiri, bega likatua kichwani. Ile video mimi siitumi kwa mtu. Alilala pale, na haikuwa mara yake ya kwanza kutikiswa ubongo, na hakuvaa tena jezi ya Philadelphia akiwa mchezaji wao. Kwa sheria za wakati ule halikuwa kosa hata kidogo. Ligi ilikuja kuweka sheria ya kulinda kichwa mwaka 2010, miaka kumi baadaye, na kwa maoni yangu walichelewa mno. Stevens naye hakupona, alicheza mara ya mwisho Januari 2004, akaacha kwasababu ya mtikisiko wa ubongo kichwani mwake mwenyewe.

Kwaiyo una mabeki wawili, wote mabingwa, wote wako kwenye jumba la heshima la mchezo, wote walimzima mtu yuleyule. Mimi simbezi Stevens, alikuwa beki wa kutisha na kiongozi wa kweli na makombe matatu yake ni halali. Ila nikiulizwa nani alikuwa anaijua kazi zaidi sisiti hata sekunde. Angalia namba hii, Stevens dakika za adhabu 2,785. Lidström kwenye mechi 1,564 ana dakika 514. Mabeki wote wanakaba, anayekosea hesabu ndo anayelazimika kumshika mtu, kumkwatua, kumvuta jezi, na huyu jamaa alikaba washambuliaji bora wa dunia kila usiku miaka 20 na karibu hakulazimika. Adhabu kwenye barafu siyo kadi tu, unakaa nje dakika mbili na timu inacheza pungufu, kwaiyo kutokosea ni mali ambayo timu inaila moja kwa moja.

Nina rafiki yangu wa zile ndondo, beki mwenzangu, fundi wa piga mtu, leo hii goti halikunji na ana miaka arobaini na kitu tu. Nikiangalia Lidström namfikiria sana yeye. Hakuna aliyemwambia kuna namna nyingine.

Furaha ya 1997 ilidumu siku sita. Juni 13 gari waliyokodi ya kifahari, yenye dereva, wamekaa nyuma kwa usalama kabisa, ikagonga mti. Konstantinov akaumia ubongo, hakucheza tena, hakutembea tena sawasawa. Miaka 30. Mhudumu wa timu Sergei Mnatsakanov naye akaumia vibaya sana. Mwaka uliofuata Detroit wakachukua kombe tena, Washington, nne bila, na nahodha Steve Yzerman alipopewa kombe mtu wa kwanza aliyempelekea ni Konstantinov, wakamwingiza kwenye barafu na kiti chake cha magurudumu, kombe mapajani, wenzake wanamsukuma kuzunguka uwanja. Naitazama nikiwa mwenyewe tu.

Na kwa Lidström maana yake ilikuwa kwamba saivi hakuna tena Konstantinov wa kugawana naye mzigo. Mshambuliaji mkali wa mpinzani, yeyote, popote, ni wake. Ndo ikaanza ile miaka yake. Tuzo ya Norris ya beki bora akashika nafasi ya pili 1998, 1999, 2000, mara tatu mfululizo, alafu 2001 akiwa na miaka 31 akaibeba, beki wa kwanza aliyekulia Ulaya kuibeba, na hakuiachia, 2002, 2003. Umri ambao wenzake wanaanza kushuka yeye ndo anaanza kuchukua. Jumla akaja kuwa nazo saba, sawa na Doug Harvey, nyuma ya Bobby Orr tu mwenye nane.

2002 ndo mwaka wa kumuonyesha mtu asiyemjua. Raundi ya kwanza Detroit, timu ya mastaa watupu, wamepigwa mechi mbili nyumbani na Vancouver. Mechi ya tatu iko ugenini, 1-1, kipindi cha pili kinaisha, na Lidström akiwa amevuka tu katikati ya uwanja akapiga kisahani kuelekea golini, shuti la mbali vile ambalo kipa anatakiwa alidake huku anaongea na simu. Likaingia. Upepo wote ukageuka, Detroit wakashinda mechi nne mfululizo, wakaenda mpaka kombe, na yeye akapewa Conn Smythe, mchezaji bora wa mtoano mzima, wa kwanza kutoka Ulaya. Mengine nayapitia haraka. Februari 2006, Torino, fainali ya Olimpiki, Sweden na Finland 2-2, kipindi cha tatu kina sekunde 10 tu toka kianze, Lidström anapiga, 3-2, dhahabu. Mwaka huohuo Fabio Cannavaro alibeba Kombe la Dunia na Ballon d'Or, kwaiyo kwangu mimi 2006 ni mwaka wa mabeki na hamna wa kunibadilisha. 2008 akiwa nahodha baada ya Yzerman kustaafu, akalipokea kombe la nne kwa mikono yake, nahodha wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Ulaya kufanya hivyo.

2009 ndiyo inayoniuma. Fainali zinachezwa huko usiku, huku ni saa tisa alfajiri, nyumba nzima wamelala, mimi na laptop na bando. Mechi ya saba, Pittsburgh wanaongoza 2-1, sekunde za mwisho kabisa. Kisahani kinarudi kutoka kwa kipa, kinaangukia upande wa kushoto, na anayekifuata ni beki, namba 5, amepanda mpaka mbele maana hakuna kesho. Akapiga. Kipa Marc-Andre Fleury akajirusha kifua mbele kutoka upande wa pili wa goli kikamgonga mwilini. Muda umeisha. Nimeiangalia mara nyingi sana na kila mara naona Lidström alifanya kila kitu sawa.

Desemba 2010 akiwa na miaka 40 akafunga hetitriki yake ya kwanza kwenye ligi, dhidi ya St. Louis. Msimu huo akachukua Norris ya saba. Msimu uliofuata ulikuwa wa mwisho, na ulianza na msiba, Septemba 7, 2011 ndege ya klabu ya Lokomotiv Yaroslavl ilianguka Urusi wakafa watu 44, na kocha wa hiyo timu alikuwa ni Brad McCrimmon. Mzee yule aliyebaki nyuma. Ndani ya ndege alikuwemo Ruslan Salei, beki aliyekuwa Detroit na Lidström msimu uliotangulia, na kipa Stefan Liv, mwenzake wa dhahabu ya Torino. Akacheza msimu wake hivyohivyo. Mei 31, 2012 akatangaza anaacha, na katika misimu yote 20 hakuna hata mmoja ambao Detroit walikosa mtoano.

Wapo watakaosema Orr ni mkubwa zaidi, na nawaelewa, Orr ndo aliyeonyesha dunia kwamba beki anaweza kuongoza ligi nzima kwa pointi, ila magoti yalimmaliza akiwa na miaka 30, mechi 657. Mimi nampima beki kwa kuwepo. Mechi 1,564 ni kuwepo.

Kama unataka kuanza kumwangalia usianze na video za mabao yake, hutamuelewa. Tafuta mechi ya kwanza ya fainali ya 1997, iko mtandaoni nzima. Lindros ni namba 88, kila akiruka ukuta kuingia, achana na kisahani, mtafute namba 5 mwekundu uangalie miguu yake tu, anasimama wapi, anageuka lini, gongo lake limelala wapi. Dakika kumi za kwanza utaona kama hafanyi kitu. Endelea mpaka kipindi cha pili alafu njoo kwenye koment tuongee.